Juu ya mkate, samaki wa moshi hana pa kujificha

Ukimuunga samaki wa moshi kwa tui la nazi, nyanya na bamia, mchuzi humstiri. Kama alichelewa kufika motoni na nyama yake ilikwisha kuanza kulegea, viungo humfunika. Kama aliyemkausha aliharakisha akamwachia unyevu karibu na mfupa, kuchemka kwa nusu saa jikoni humalizia kazi. Kama kuni zilikuwa mbichi na moshi wake ukaacha uchungu, nazi huupoza. Mweke samaki huyohuyo juu ya kipande cha mkate uliobanikwa, pamoja na siagi kidogo, ndimu na pilipili manga, na yote hayo utayajua unapong'ata tu.

Kwa sababu hiyo nakipenda chakula hiki kidogo. Ni rahisi kukitengeneza: hakihitaji oveni, hakihitaji kukaanga, na aliyekwisha kuchuja mtindi na kuchambua samaki wake anaweza kukipeleka mezani ndani ya dakika 20. Kinafaa kutangulia mlo wa wageni Jumamosi jioni, kinafaa kwenye futari, na kinafaa kwa chai ya saa 10. Lakini urahisi huo unatokana na kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa na mtu mwingine, kando ya ziwa, mbele ya tanuri, macho yakimchoma kwa moshi. Mpishi wa nyumbani anaongeza kidogo sana. Akinunua samaki mzuri atasifiwa, akinunua mbaya hakuna kiungo kitakachomwokoa.

Basi anayezoea kula samaki wa moshi namna hii anajifunza kuchagua. Na ninaamini kwamba samaki wetu wa moshi wanahitaji wanunuzi wanaojua kuchagua kuliko wanavyohitaji viungo vipya.

Samaki wa maziwa makuu

Pwani, njia zilizozoeleka za kumhifadhi samaki ni jua na chumvi. Ndiko walikotoka ng'onda na papa mkavu, na ndiko dagaa wanakochemshwa kwa maji ya chumvi kisha wakaanikwa. Moshi ni ufundi wa bara zaidi, wa watu wa maziwa na mito, na sababu yake ni mafuta na unene wa samaki wenyewe. Dagaa mwembamba hukauka juani kwa siku moja au mbili. Samaki mnene mwenye mafuta hakubali. Jua humkausha ngozi, huku ndani nyama ikiharibika na mafuta yakichacha.

Historia ya Ziwa Victoria inalionyesha jambo hilo waziwazi. Ziwa hili lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, linalogawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya, lilikuwa na furu wengi wadogo walioweza kuanikwa juani bila shida. Sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta, aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikula furu, akaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 akawa ndiye samaki mkuu wa ziwa. Huyo hakauki juani kwa urahisi kama furu. Kina mama waliokuwa wakianika sasa walihitaji moto, ama wa kukaangia ama wa kukaushia kwa moshi, na mahitaji ya kuni yakapanda katika vijiji vya kando ya ziwa.

Kisha vikaja viwanda vya minofu Mwanza, Kisumu na Jinja. Nyama nono ikaanza kusafirishwa kwenda Ulaya, na vichwa na mifupa, yaani mapanki, ndivyo vilivyobaki kwa wakaangaji na wakaushaji wa mtaani. Hadi leo, sehemu ya sangara anayeingia kwenye tanuri la moshi ni yule ambaye kiwanda kilimkataa. Jambo hilo lazima mnunuzi alikumbuke anaposimama mbele ya meza ya muuzaji, kwa kuwa kukataliwa na kiwanda kuna sababu nyingi. Wengine hukataliwa kwa ukubwa, wengine kwa sababu hawakuwa wabichi tena.

Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Huko bwana wa meza ni mgebuka, ambaye Bujumbura anaitwa mukeke. Wavuvi huingia ziwani usiku na taa, dagaa hufuata mwanga, na mgebuka huwafuata dagaa kuwala. Nyama yake ni imara, haina utelezi wa mafuta mengi, na ikikaushwa vizuri inachambuka kwa vipande virefu vinavyoshika umbo lake juu ya mkate. Kwa chakula hiki, mgebuka ndiye chaguo langu la kwanza.

Chaguo la pili ni sangara, hasa sehemu ya tumbo, yenye mafuta ya kutosha hata siagi ikapunguzwa. Sato naye ana nyama nyeupe na utamu wa peke yake, ila anataka subira, kwa sababu miiba midogo ya mbavuni ni mingi. Kambale, au mumi, ana mafuta na ladha nzito. Anayempenda hatataka mwingine, lakini kwa mgeni ambaye hajamzoea ni vyema kumchanganya na mtindi mwingi zaidi.

Moshi unafanya kazi gani

Samaki mbichi ni maji kwa asilimia 70 hadi 80. Maji hayo ndiyo makazi ya bakteria wanaomwozesha, na katika joto la kwetu huanza kazi mara tu samaki anapokufa. Ukaushaji wa moshi huwashambulia kwa njia nne kwa pamoja. Chumvi, pale inapotumika, huvuta maji kutoka kwenye nyama. Joto huipika nyama na kuua bakteria wengi. Hewa kavu na ya moto inayopanda kutoka kwenye makaa huondoa unyevu. Na moshi wenyewe huacha juu ya samaki kemikali zitokanazo na kuungua kwa kuni, yakiwemo makundi ya fenoli na asidi, ambazo huzuia bakteria na huchelewesha mafuta kuchacha. Fenoli hizohizo ndizo zenye harufu tunayoiita harufu ya moshi. Rangi ya dhahabu nayo hutokea pale kemikali nyingine za moshi zinapokutana na protini ya samaki kwenye joto.

Ni muhimu kujua kwamba samaki wetu wa moshi ameiva. Ulaya kuna samoni anayefukizwa kwa moshi uliopoa, joto likiwa chini ya nyuzi 30 za selsiasi, na nyama yake hubaki mbichi, laini na yenye kung'aa. Ndiye unayemwona amekatwa vipande vyembamba katika hoteli kubwa. Wa kwetu hukaa karibu na moto, na joto ndani ya nyama hupita nyuzi 60. Kwa hiyo mapishi ya samoni huyo hayamfai sato wa Mwanza. Samoni hukatwa kwa kisu, wa kwetu huchambuliwa kwa vidole.

Kuna viwango viwili vya ukavu. Wa kwanza ni laini: hukaa motoni kwa saa chache, nyama hubaki na unyevu, na huliwa ndani ya siku chache. Wa pili ni mkavu kabisa: hukaa juu ya moto mdogo kwa siku moja hadi tatu, huwa mwepesi na mgumu, na anaweza kusafiri mbali na kukaa miezi. Huyu wa pili ndiye anayevuka mipaka, kwa mfano kwenda Kongo. Kwa kuweka juu ya mkate tunamtaka laini. Ukimkosa, mkavu anaweza kurudishiwa uhai kwa njia nitakayoieleza.

Wanaofanya kazi hii kwa sehemu kubwa ni wanawake, na inawagharimu afya. Wengi hutumia pipa lililokatwa nusu au tanuri la udongo lenye wavu wa waya juu. Moshi huwaingia machoni na kifuani, kuni nyingi huteketea, na samaki wa chini huungua wakati wa juu hawajaiva. Dawa ya tatizo hilo ilianza kutafutwa zamani. Ghana, katika kijiji cha Chorkor karibu na Accra, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanawake wa huko walishirikiana na wataalamu kuunda tanuri la mstatili lenye trei za mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine. Trei zenyewe hugeuka kuwa bomba la moshi, joto halipotei, na kuni zinatumika kidogo kuliko kwenye pipa. Tanuri la Chorkor limesambaa nchi nyingi za Afrika. Baadaye kituo cha mafunzo cha Thiaroye, Senegal, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, waliliboresha zaidi. Waliongeza kinga ya kukusanya mafuta yanayodondoka ili yasiungue juu ya makaa, na wakatenganisha hatua ya kupika na hatua ya kutia moshi.

Mafuta yanayodondokea makaa ni chanzo kikubwa kimojawapo cha kemikali zinazoweza kusababisha saratani katika vyakula vya moshi, ikiwemo ile iitwayo benzopirini. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za kemikali hiyo katika kilo moja ya samaki wa moshi wa kawaida. Kwa mnunuzi wa sokoni asiye na maabara, somo ni fupi: samaki mweusi tititi ameungua, hajakaushwa, na masizi yaliyomganda si ladha.

Sokoni, macho na pua

Iwe ni Kirumba Mwaloni jijini Mwanza, Kibirizi mjini Kigoma, au soko la mtaa ulipo, anza na rangi. Mzuri ana rangi ya dhahabu iliyokolea hadi kahawia, iliyoenea mwili mzima. Mwenye mabaka meusi upande mmoja na weupe upande wa pili alisahauliwa bila kugeuzwa.

Kisha mguse. Ngozi iwe kavu, isinate kwenye kidole. Mbonyeze mgongoni: nyama iwe imara, isibonyee ikabaki shimo. Mwombe muuzaji akuvunjie mmoja karibu na kichwa, pale palipo panene kuliko kote. Ukiona wekundu kando ya uti wa mgongo, hajaiva, na huyo atakuwa wa kwanza kuoza. Chungulia ndani ya matumbo na chini ya mashavu. Vitundu vidogo na ungaunga ni kazi ya wadudu na mabuu yao. Utando mweupe au wa kijani ni ukungu, na samaki mwenye ukungu hafai hata akifutwa akang'aa.

Harufu ndiyo ya mwisho na ndiyo hakimu. Samaki mzuri hunukia kuni kwanza, kisha samaki. Ukisikia ukali unaochoma puani kama mafuta ya kupikia yaliyokaa mwaka kwenye chupa wazi, mafuta yake yamechacha, na ladha hiyo haitoki.

Uliza pia. Amekaushwa lini? Ametoka mwalo gani? Kwa kuni zipi? Kuni kavu za mwembe au mpera hutoa moshi mtamu. Miti yenye utomvu mwingi, kama msonobari, huacha uchungu na masizi. Mabaki ya mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa hayafai kabisa karibu na chakula. Muuzaji anayejua majibu ana mawasiliano na mkaushaji wake, na hilo peke yake ni dalili njema.

Tazama na ukubwa. Katika Ziwa Victoria sato wa chini ya sentimita 25 na sangara wa chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa, kwa sababu wengi wao hawajazaa. Tanuri la moshi ni mahali rahisi pa kuwaficha, maana akikunjwa mkia mdomoni na kukaushwa, urefu wake hauonekani tena. Kama kwenye meza wamejaa wadogo wa kiganja, pita. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Wavuvi na wakaushaji wa Kigoma walibeba gharama ya uamuzi huo. Sisi walaji tunaweza angalau kutonunua watoto wa samaki.

Mahitaji kwa watu sita

Samaki wa moshi laini, mmoja au wawili, wa kutoa gramu 250 za nyama baada ya ngozi na miiba kuondolewa. Mtindi kikombe kimoja. Siagi vijiko viwili vya chakula, iliyolainika kwa joto la jikoni. Ndimu moja kubwa. Kitunguu chekundu kidogo. Nusu ya tango. Kotimiri fungu dogo. Pilipili mbuzi robo, bila mbegu. Pilipili manga iliyotwangwa wakati huohuo, nusu kijiko cha chai. Punje moja ya kitunguu saumu. Slesi nane za mkate usiokatwa mwembamba. Chumvi iwe karibu, lakini usiitie bado.

Anza na mtindi usiku uliotangulia. Umimine kwenye kitambaa safi cha pamba kilichotandazwa ndani ya chujio, uweke bakuli chini, na ufunike ndani ya friji. Asubuhi maji yatakuwa yamechuruzika na utabaki na kitu kizito kinachopakika kwa kisu, kiasi cha nusu kikombe. Huhitaji jibini ya kununua. Asiye na friji anaweza kuuchuja kwa saa mbili au tatu mahali penye ubaridi. Utakuwa mwepesi kidogo, lakini utafaa.

Mchambue samaki kwa mikono. Vua ngozi yote na uitupe, kwa kuwa humo ndimo masizi yalimoganda. Gawa minofu kwa kufuata uti wa mgongo, kisha pitisha vidole polepole, kipande kwa kipande, ukitafuta miiba. Hatua hii ndiyo pekee inayodai muda, na haikabidhiwi kwa mtu mwenye haraka. Mgeni anayekula mchuzi hutarajia mwiba, anayeng'ata mkate hautarajii.

Kama samaki wako ni mkavu sana, mwoshe kwa maji ya moto, mlaze kwenye maji ya uvuguvugu au maziwa kwa nusu saa hadi saa nzima, kisha mweke kwenye mvuke kwa dakika 10 na umwache apoe. Nyama italainika na kuchambuka. Kama alitiwa chumvi nyingi, badilisha maji mara mbili.

Sasa gawa nyama mafungu mawili. Fungu la kwanza liponde kwa uma pamoja na sehemu ya siagi na vijiko vinne vya mtindi uliochujwa, hadi lipakike. Tia maji ya nusu ndimu, pilipili manga, na pilipili mbuzi iliyokatwa ndogo kabisa. Fungu la pili usiliponde. Liache katika vipande vyake vya asili, ulinyunyizie tone la ndimu tu. Wengi hutia kila kitu kwenye mashine ya kusagia na kupata uji laini wa rangi ya udongo. Unapakika, lakini mlaji hajui tena kama anakula mgebuka au kitu kingine. Kwa kugawa mafungu mawili unapata ulaini wa kushika mkate chini, na juu yake nyama ambayo jicho linaitambua na jino linaisikia.

Kitunguu kikate chembamba, ukisugue kwa chumvi kidogo, ukioshe na kukikamua kama unavyofanya kwa kachumbari, kisha kitie maji ya ndimu iliyobaki. Ukali utapungua na rangi itakuwa ya waridi. Tango likate vipande vidogo vya mraba baada ya kukwangua mbegu, ambazo hutoa maji mengi.

Onja mchanganyiko ndipo uamue chumvi. Mara nyingi haitahitajika.

Mkate nao ni chakula

Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, kwa sababu umepoteza unyevu kidogo na hausinyai ukiguswa na moto. Kama unanunua mkate mzima, boflo kwa watu wa Unguja na Mombasa, ukate mwenyewe kwa unene wa sentimita moja na nusu. Slesi nyembamba za paketi hukauka zikawa kama bati au hulowa zikapinda, ila ukizikata pembetatu na kuzibanika kwa uangalifu zitafaa.

Jiko la mkaa ndilo linalofaa kuliko mengine, na sababu si mapenzi ya zamani. Makaa yaliyotulia, yasiyo na ndimi za moto, hukausha uso wa mkate haraka na kuupa rangi ya kahawia huku ndani pakibaki laini. Weka wavu kiganja kimoja juu ya makaa, tandaza slesi, geuza baada ya dakika moja hivi, na usiondoke. Kikaango kikavu juu ya jiko la gesi hufanya kazi hiyo pia kwa moto wa wastani.

Ukitoa mkate motoni usiupange mmoja juu ya mwingine, maana mvuke wake wenyewe utaulowesha. Uegemeze kwenye ukingo wa sahani upumue. Ungali na joto, sugua uso wake mara moja au mbili kwa punje ya kitunguu saumu iliyokatwa, kisha paka siagi iliyobaki tabaka jembamba sana hadi pembeni. Siagi hiyo inazuia unyevu wa samaki usiingie kwenye mkate kwa haraka.

Kata kila slesi vipande viwili au vinne. Paka mchanganyiko uliopondwa, weka juu yake vipande vya samaki visivyopondwa, nyuzi chache za kitunguu, tango, na jani la kotimiri. Fanya hivyo wageni wakiwa wamekaa. Kikikaa nusu saa mezani, mkate utalegea na umahiri wako wote wa makaa utakuwa umepotea. Kama unawahudumia wengi, peleka bakuli la samaki na sahani ya mkate kila kimoja peke yake, watu wajipakie.

Ukitaka kubadilisha

Zanzibar wana mkate wa ufuta, ule wa duara unaoandaliwa kikaangoni na kumaliziwa kwa joto la makaa. Ukatwe vipande, ubanikwe tena kidogo, nao utabeba samaki wa moshi vizuri kuliko mkate wa dukani, maana ufuta na moshi ni ladha zinazoelewana. Kwa mkate huo badilisha mtindi kwa vijiko vitatu vya tui zito la kwanza, lililochemshwa taratibu na chembe ya chumvi hadi lipungue nusu, kisha likapoa.

Msimu wa maembe, embe bichi lililokwaruzwa linachukua nafasi ya ndimu na tango kwa pamoja. Parachichi lililoiva, likapondwa kwa ndimu, linafaa chini ya sato, lakini chini ya sangara mnono mafuta yatakuwa mengi. Kwa kambale, kachumbari yenye siki huamsha ladha. Kanuni ni moja: samaki wa moshi ana chumvi, ana mafuta na ana uzito, hivyo anachohitaji ni kitu kichachu, kitu kibichi na kitu cha kutafunika. Usimwongezee jibini wala mayonezi nyingi. Utakuwa umemrudisha kwenye mchuzi alikokuwa amejificha.

Usalama wa wanaokula

Samaki wa moshi laini si chakula cha kukaa kabatini. Akifika nyumbani mweke kwenye friji, na mchanganyiko uliobaki uliwe ndani ya siku mbili. Mezani usizidi saa mbili, na siku ya joto kali saa moja. Usimfunge laini kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa na kumwacha nje ya friji, kwa kuwa wapo bakteria hatari wanaostawi pasipo hewa, na sumu yao haina harufu. Karatasi safi na kapu lenye kupitisha hewa ni salama zaidi njiani. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wapashiwe samaki hadi atoe mvuke kabla ya kuchanganywa. Na mwenye shinikizo la damu ale kipande kimoja au viwili, kwa kuwa chumvi ya samaki, ya siagi na ya mkate hukutana mahali pamoja.

Samaki mwenye jina la kwao

Mjini Arbroath, Uskoti, watu humkausha kwa moshi samaki wa bahari aitwaye hadoki. Wawili hufungwa pamoja mikiani, huning'inizwa juu ya moto wa kuni ngumu, na moto hufunikwa kwa magunia yenye unyevu. Ni moshi wa moto kama wa kwetu, na samaki huiva. Tangu 2004 jina la samaki huyo wa moshi, linalobeba jina la mji, limelindwa kisheria Ulaya: anayetaka kulitumia lazima amkaushe ndani ya kilometa 8 kutoka katikati ya mji huo, kwa njia hiyo. Katika kisiwa cha Bornholm, Denmark, samaki aitwaye heringi, aliyekaushwa kwa moshi, huwekwa juu ya mkate mweusi wa rai pamoja na kiini cha yai bichi na figili, na chakula hicho kinabeba jina la kijiji cha wavuvi cha Gudhjem. Huko nako samaki amewekwa wazi juu ya mkate, na kila mlaji anaweza kumhukumu aliyemkausha.

Mgebuka wa Kigoma hana upungufu wowote mbele ya hao. Anachokosa ni watu wa kumtofautisha. Mkaushaji anayemwosha samaki kwa maji safi, anayetumia kuni kavu, anayegeuza kila saa na kusubiri mpaka mfupa ukauke, anatumia muda na fedha zaidi kuliko jirani yake anayeharakisha. Sokoni wote wawili hupewa bei moja, kwa kuwa mnunuzi anajua wataishia kwenye sufuria ya nazi. Kwa hesabu hiyo, kufanya kazi vizuri ni hasara, na si haki kumlaumu mtu anayekataa hasara. Tanuri bora linalolinda mapafu yake na kupunguza kemikali kwa walaji lina gharama, na litalipika pale tu ambapo samaki wake atauzwa ghali kidogo kuliko aliyeungua.

Bei hiyo haitaletwa na semina. Italetwa na watu wanaoona tofauti, na hakuna njia ya haraka ya kuiona tofauti kuliko kumla samaki bila mchuzi. Wenye hoteli wanaoagiza samoni kutoka mbali kwa ajili ya vitafunwa vya wageni wangeanza na sangara wa mwalo wa jirani, wamlipe mkaushaji kwa ubora, na waandike kwenye orodha ya vyakula mahali alikotoka. Sisi wa nyumbani tunaweza kuanza wikiendi hii. Nunua mmoja aliye mzuri, usimpigie muuzaji kelele ya bei, na wageni wakifika waambie wanakula samaki wa wapi. Wakimsifu, rudi wiki ijayo kwa muuzaji yuleyule, umweleze kilichokurudisha, na umwombe afikishe salamu hizo kwa aliyekaa mbele ya tanuri.